Mdako Kwenye Sakafu ya Karafuu

Harufu ya karafuu haimshtui mtu wa Unguja. Mjini ilikuwa ikitoka maghalani huko bandarini, ikapanda vichochoroni na kuingia mpaka kwenye mashuka, na wenyeji walishaacha kuisikia, kama mtu asivyosikia harufu ya nguo yake mwenyewe. Kwa hivyo, asubuhi ile ya masika ya mwaka wa hamsini na sita, Mwanakheir aliposimama katikati ya chumba chake cha juu, nyumbani Mkunazini, akasema, “Humu mnanuka karafuu,” mumewe alicheka.

“Uko Unguja, mwanamke. Ulitaka mnuke nini, vitunguu?”

“Si hizo kavu, Usi. Mbichi. Zinazochambuliwa sasa hivi.”

Usi alikuwa fundi wa kanzu, mtu mwema, ila pua yake ilikuwa imeshazoea mafuta ya cherehani tu. Alishuka zake dukani chini, akamwacha mkewe ananusa hewa. Mwanakheir alijua anachokisema. Karafuu kavu ina harufu ya ghalani. Karafuu mbichi, ikitenganishwa na makonyo yake, hutoa maji yanayowasha vidole, na harufu yake ni ya majani yaliyolowa na ya mikono ya bibi. Na siku zile mvua ilikuwa ikimwagika tu, hakuna mkarafuu hata mmoja uliokuwa ukichumwa kisiwani.

Aliifuata harufu mpaka kwenye kidaka cha ukutani. Pale ilikuwapo picha.

Picha ile aliletewa jana yake na mjomba wake, Ame, aliyekuja mjini kwa haja zake na gari la shamba kutoka Kitope. Mvua zilikuwa zimeliangusha paa la nyumba ya marehemu bibi, Bi Mwatima, na Ame alipokuwa akitoa vitu kifusini alilikuta kasha, na ndani ya kasha kulikuwa na kipande cha kanga kilichofungwa fundo juu ya fundo, na kikaratasi cha maandishi ya zafarani kimechomekwa katikati. Kikaratasi kililowa, kikamchanikia mkononi. Mafundo aliyafungua kwa meno.

“Nikadhani dhahabu,” alisema mjomba, akacheka na kukohoa. “Kumbe nyinyi. Basi chukua, we ndo umo.”

Ndani ya picha alikuwamo Babu Mcha amesimama na bakora yake, na Bi Mwatima amekaa juu ya kibao, viganja vyake vimejaa karafuu. Nyuma yao ilitandaa sakafu ya kuanikia, pana kama ua wa msikiti. Na pembeni kabisa, pembe ya sakafu, alikuwapo Mwanakheir mwenyewe, kitoto cha gauni fupi. Hakuitazama kamera. Alikuwa ametazama ubavuni, mahali pasipo na mtu, anacheka mpaka meno ya nyuma yanaonekana, na mkono wake wa kulia ameunyoosha mbele, ngumi imefumbwa.

“Unamcheka nani hapa?” aliuliza mama mkwe, Bi Khamisa, akiisogeza picha machoni.

“Sikumbuki, mama. Kesho nitaitundika ukutani.”

“Sema inshallah.”

“Inshallah.”

Hivyo ndivyo alivyokuwa Bi Khamisa. Nyumbani mwake mtu hakuahirisha hata kuosha sufuria bila ya kulisema neno hilo. Alisema ahadi isiyo na inshallah ni mlango usio na komeo, aingie atakaye. Mjukuu wake Shemsa, binti wa Mwanakheir, aliyekuwa na umri ule ule wa kitoto cha pichani, alilijua neno hilo kabla hajajua kujifuta kamasi, na watu wa mtaani walikuwa wakimchokoza makusudi ili walisikie.

*

Tangu siku hiyo shamba lilimrudia Mwanakheir kila alipokaa kitako. Alikuwa hajakanyaga Kitope tangu utotoni, na sasa, akichambua mchele, alijiona anaokota karafuu zilizodondoka chini ya mikarafuu, miguu imelowa umande, na bibi anamwita aje anywe uji. Aliyakumbuka maboga ya nazi. Aliikumbuka sakafu nyeupe inavyounguza nyayo. Alimkumbuka bibi akitoka kila jua linapofika utosini, anapiga makofi, anawaondosha watu wote sakafuni, wachambuaji na watoto, hata kuku.

“Ingieni ndani. Mchana si wetu.”

“Wa nani, bibi?”

“Wa wenyewe.”

Watu wakaingia, wakalala, sakafu ikabaki peke yake na karafuu zake mpaka jua lilipoinama. Hiyo ndiyo iliyokuwa ada ya shamba lile, na haikuvunjwa hata mwaka karafuu zilipokuwa nyingi kupita mikono. Lakini Mwanakheir alikumbuka pia kwamba yeye hakuwa akilala. Alikuwa akitoroka, akiruka miguu ya watu, akatoka nje kwenda kucheza. Acheze na nani? Hapo kumbukumbu iligoma, na kila ilipogoma alirudi kwenye mchele wake.

Alianza kukosa utulivu. Aliinuka bila sababu, akapanda ngazi, akashuka. Picha hakuitundika. Kila alipotaka kuigusa aliona vidole vinamuwasha.

Kisha siku moja, baada ya chakula cha mchana, nyumba imelala, Usi chini anakoroma juu ya mkeka na Bi Khamisa amejifunika ukaya uso, Mwanakheir akasikia juu: tak. Kimya. Kitu kikakwaruza, kama kiganja kinachozoa vijiwe. Tak.

Alipanda polepole. Shemsa alikuwa amekaa sakafuni kwenye pembe ya chumba, miguu kaitandaza. Mbele yake, katika sakafu ya chokaa iliyokuwa nzima jana, palikuwa na kishimo kama kikombe cha kahawa, na ndani ya kishimo vijiwe. Mtoto alirusha jiwe moja juu, akazoa vingine kishimoni, akalidaka lile kabla halijaanguka. Alicheza mdako vizuri kuliko mtoto yeyote wa mtaa ule, na hakuna aliyewahi kumfundisha.

“Shemsa.”

“Naam, mama.”

“Nani kakufundisha mdako?”

“Somo.”

“Somo yupi?”

“Somo yako. Kasema we unamjua.” Mtoto akasogea kidogo, kama mtu anayempisha mwenziwe. “Kasema mwambie mama ni zamu yake.”

Mwanakheir alimnyakua mtoto, na alipomnyakua, lile jiwe la kurushia lilimdondoka Shemsa, jiwe jeupe la matumbawe, duara, laini, na alipoliona tu alilijua, na mkono wake uliujua uzito wake kabla hajaliokota. Aligeuka kukitazama kidaka. Pichani babu alikuwa pale pale na bakora yake, bibi alikuwa pale pale na karafuu zake, na kile kitoto cha gauni fupi bado kilikuwa kinacheka. Lakini ngumi haikuwa ngumi tena. Kiganja kilikuwa wazi, na kilikuwa kitupu.

Hapo akakumbuka yote.

Alikumbuka mtoto aliyekuwa akimkuta kwenye pembe ya sakafu, mchana wa jua la utosi, wakati vivuli vya miti na vya watu vimejikunja chini ya miguu, lakini cha yule kimelala kirefu mpaka katikati ya karafuu, kama ni alasiri kwake peke yake. Alikumbuka kumuuliza, “Jina lako nani?” na yule kujibu, “Mwanakheir,” na yeye kufurahi na kusema, “Basi we somo yangu.” Alikumbuka mdako wao usiokwisha, kila siku, mpaka siku ile baba yake alipokuja kutoka mjini pamoja na Mgoa mpiga picha, watu wakaamshwa usingizini, wakapangwa sakafuni mchana, picha ikapigwa, na papo hapo akaambiwa vaa viatu, unakwenda mjini, utaanza chuo cha Kurani. Zamu ilikuwa yake. Jiwe alikuwa nalo ngumini. Na alipokuwa akivutwa mkono kwenda garini aligeuka, akapiga kelele kwa furaha ya kitoto, “Ningoje hapo hapo! Kesho nakuja tumalize!”

Bibi yake aliyasikia. Mwanakheir sasa aliukumbuka uso wa bibi. Jiwe lilitupwa njiani, kupitia dirisha la gari, na baba yake hakumrudisha tena Kitope hata bibi alipofariki.

*

“Mtoto ana ndoto tu,” alisema Usi. Lakini alisema hivyo kwa sauti ndogo, na alishakitia chokaa kile kishimo mara moja na kukikuta asubuhi kimefukuliwa.

Shemsa aliacha kula. Uji ulimchukiza, wali ulimchukiza, akawa mwembamba, macho makubwa, na ukimuuliza anataka nini husema anataka kwenda shamba. Kila mchana ukifika alikwenda kwenye pembe, hata umfungie chini, hata umfunge kwa upande wa kanga na mkono wa bibi yake. Usingizi ulimchukua Bi Khamisa kama aliyepigwa, na akiamka upande wa kanga mtupu. Bi Khamisa alimsomea dua mpaka sauti ikamkauka. Mwanakheir hakulala mchana wala usiku. Alijua kinachotakiwa. Aliyeahidi hakwenda, na yule anayengoja amempata mwengine wa umri ule ule.

Siku ya Ijumaa, wanaume wamekwenda msikitini, Shemsa alitoweka.

Mwanakheir alitoka bila viatu, buibui limekaa upande, akapita vichochoro vitupu akiita jina la mwanawe, na kila alipokata kona aliona kama harufu ya karafuu mbichi imetangulia hatua chache mbele yake, haimkimbii wala haimngoji, mpaka akatokea Darajani, na pale, kwenye gari la shamba lililokuwa likijaza abiria wa Kitope, akamwona mwanawe amekaa kitako kwenye benchi la mbele, mikono mapajani, mtulivu kama mtu mzima, na ubavuni pake pana nafasi ambayo hakuna abiria aliyeikalia, ingawa nyuma watu wamebanana na vikapu vyao mpaka milangoni.

“Huyu wangu!” alisema, akampandia.

Utingo alikuwa akijikuna kichwa. “Mchukue, bibi, mie ntashukuru. Walikuwa wawili. Nimewataka nauli, yule mwenziwe kanipa hizi.” Akafumbua kiganja. Karafuu mbichi, makonyo yake bado yamo, na maji yake yamemwachia wekundu kwenye ngozi. “Sasa hivi alikuwa hapa. Sijamwona akishuka.”

Siku hiyo Usi hakusema tena habari ya ndoto. Alikaa mbele ya cherehani yake hajashona kitu, kisha akasema, “Mpeleke kwa Bi Wanu.”

*

Bi Wanu alikaa Ng'ambo, na mtu asiyemjua asingedhani ni mganga. Alikuwa anapika vitumbua barazani kwake, na wagonjwa walingoja pamoja na wanunuzi.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Kaa mbali, mafuta ya moto.”

Mwanakheir alimsimulia kwa kunong'ona, Shemsa amemlalia mapajani. Bi Wanu alisikiliza huku anageuza vitumbua. Alipopewa picha hakuitazama. Aliinusa, akaiweka chini, uso chini.

“Bibi yako alimfunga kwenye ile kanga,” alisema. “Hakuweza kumwondosha, basi akamfunga. Na mjomba wako kamfungua kwa meno.”

“Utamfukuza?”

“Nimfukuze kwa kosa gani? Kakaa pale pale ulipomwambia akae.”

Mwanakheir alilia. Hakuweza kujizuia.

“Nyamaza, unisikilize,” alisema Bi Wanu, na sauti yake ilishuka. “Huyu jini mtoto. Jini mkubwa mtu humtisha, humpa ubani, humsomea, akataka hiki na kile mkaelewana. Mtoto anataka kitu kimoja tu, kile alichoambiwa. Basi kampe. Nenda kesho, inshallah, ufike jua linapokuwa utosini. Jiwe nenda nalo, na picha nenda nayo, vyote vibaki huko. Cheza naye mpaka mchezo umalizike. Kisha muage. Mwambie, kwaheri, sirudi. Basi. Huyu mtoto mwache nyumbani.”

“Basi tu?”

“Basi tu. Ila usimweleze kitu. Usijitetee.” Bi Wanu alimnyooshea uma wake wa vitumbua. “Jini si kadhi, mwanangu. Ukijitetea mbele yake unamfundisha.”

“Namfundisha nini?”

“Ntajuaje mimi? Maneno yatakuwa yako.”

*

Mjomba Ame alimsindikiza mpaka mwisho wa njia ya mikarafuu, akasimama. Alisema atamngoja pale, na alisema hivyo huku anatazama miguu yake.

Mvua ilikuwa imekatika na jua limetoka kali. Nyumba ya bibi ilikuwa kifusi na majani. Sakafu ilikuwa imepasuka, magugu yamepenya kila ufa, mizizi imeinua vipande vizima, na Mwanakheir alijipa moyo kidogo, akasema moyoni, hapa hakuna mtu, hapa hapajakanyagwa miaka. Kisha akafika pembeni. Pembe ile ilikuwa safi. Ilikuwa imefagiliwa. Kishimo kilikuwapo na vijiwe vyake ndani, vimekauka, hali sakafu yote imelowa, na upande wa pili wa kishimo saruji ilikuwa imelika, imeingia ndani, laini, mahali kitu kidogo kilipokaa kwa muda mrefu sana.

Alikaa kitako. Aliiweka picha chini. Akasema bismillahi, akarusha jiwe.

Vidole vya mtu mzima ni vizito, na mara ya kwanza jiwe lilianguka. Vijiwe vikasogea vyenyewe, taratibu, kila kimoja kikarudi kishimoni. Jiwe jeupe likapaa. Tak. Na hapo harufu ikaja, si ya mbali tena, ikamwingia puani na kooni mpaka machozi yakamtoka, na kivuli kikalala juu ya sakafu, kirefu, kikapita juu ya mapaja yake na kufika kwenye kifusi cha nyumba ilhali cha kwake mwenyewe kilikuwa kimejikusanya chini yake kama nguo iliyovuliwa, naye hakuinua uso, aliyakazia macho mawe, akarusha na kuzoa na kudaka, akakosa, akangoja, akaona jiwe linapaa bila mkono na kushuka bila mkono, akapokea zamu, akarusha tena, na kidogo kidogo vidole vikakumbuka, vikawa vyepesi, vikawa vya kitoto, mpaka akashtuka kujisikia anacheka. Akaufunga mdomo kwa kiganja. Mchezo ulikuwa umekwisha. Vijiwe vyote vilikuwa nje ya kishimo, upande wake.

“Umechelewa,” ilisema sauti.

Ilikuwa sauti ya mtoto wa kike, na haikuwa na hasira. Hiyo ndiyo iliyomuumiza. Angalikaripiwa, angaliinuka akaaga kama alivyofunzwa. Lakini alipatazama pale mahali palipolika, akafikiri masika yote yaliyopita hapo, na vuli zote, na kile kitu kidogo kimekaa kinangoja zamu yake, akaona huruma na aibu, vyote kwa pamoja, na ulimi ukamponyoka.

“Sikukusudia,” alinong'ona. “Nilikuwa mtoto kama wewe. Nilisema kesho nakuja, nikasahau kusema inshallah. Ningelisema usingelifungika hapa. Wallahi ungelikuwa huru siku ile ile.”

Kivuli kilisogea karibu yake.

“Neno hilo moja tu?”

“Neno hilo. Mtu akilisema, ahadi si yake tena, kamwachia Mungu.”

“Na asiyelisema?”

Mwanakheir alihisi baridi inampanda miguuni. Uma wa Bi Wanu ulimjia machoni. Aliliweka jiwe kishimoni, akainuka.

“Kwaheri,” alisema. “Sirudi.”

“Haya,” ilijibu sauti kwa adabu. “Kwaheri, somo.”

Kivuli kilijikunja kikaondoka juu ya sakafu. Mwanakheir alirudi njia ya mikarafuu bila kukimbia, akamkuta mjomba wake ametota jasho.

“Mshamalizana?”

“Nshamaliza, mjomba.”

“Kakusemesha?”

“Kidogo tu,” alisema, na hakutaka kuulizwa zaidi.

*

Alifika Mkunazini alasiri imeinama. Mlangoni tu alijua. Mlikuwa na harufu ya mchuzi wa samaki na ya mafuta ya cherehani, na kwa mbali karafuu, lakini kavu, za bandarini, za kila siku. Alisimama kwenye ngazi akaivuta kifuani kama mtu anayekunywa maji.

Juu, Shemsa alikuwa anakula. Alikuwa anakula wali kwa mkono mzima, mchuzi unamtiririka kidevuni, na Bi Khamisa amekaa mbele yake na sahani ya pili tayari. Usi alisimama dirishani, ana macho mekundu, anajifanya anatafuta sindano.

“Kala tangu adhuhuri,” alisema. “Akiendelea hivi tutakula cherehani.”

Mwanakheir alimkumbatia mwanawe na wali wake wote. Alimbusu utosini, akambusu mikono. Kwenye pembe, chokaa aliyoitia Usi ilikuwa imekauka, nzima, haina hata ufa. Bi Khamisa aliinua mikono akamshukuru Mungu kwa sauti, na kwa mara ya kwanza tangu picha ile iingie nyumbani, Mwanakheir aliona usingizi, usingizi mtamu wa mtu asiye na deni na mtu.

“Mama,” alisema Shemsa, mdomo umejaa. “Somo kaja kuniaga.”

“Najua, mwanangu. Keshakwenda zake.”

“Kaja sasa hivi, kabla yako kidogo. Kasema wewe na yeye mshamalizana, hakudai kitu.” Mtoto alilamba vidole. “Kaniuliza, na mimi nitakwenda lini kucheza. Nimemwambia kesho.”

Bi Khamisa aliruka kama kawaida yake, kabla hata hajafikiri. “Sema inshallah!”

Shemsa aliziba mdomo kwa viganja vyote viwili, akatikisa kichwa.

“Sema, mwanangu,” alisema Mwanakheir. Alipiga magoti mbele ya mwanawe. Usi aligeuka dirishani. “Shemsa, mwanangu, sema inshallah. Sema sasa hivi.”

Mtoto aliwatazama wote mmoja mmoja, akashusha viganja kidogo tu, kiasi cha kupitisha maneno.

“Kanikataza,” alisema. “Nimemuahidi silisemi tena.”